Moyo Pole

Hombolo,
14 Mei 2023

Mdogo wangu Sista Frida,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiipata barua hii ujue mimi ni mzima, ila Mzee Stefani ametutoka. Alifariki mwanzoni mwa mwezi huu, kabla jua halijachomoza, tukamzika makaburi ya parokia. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu tangu tumzike nalala tu. Wala si usingizi wa kupumzika. Naanguka kama gunia, naamka mwili unauma, nakaa kitandani nasubiri kitu nisichokijua.

Unamkumbuka ulivyokuwa ukimwogopa ulipokuwa mdogo, mzungu wa Kondoa anayewatukana ndege kwa Kigogo. Tangu kiharusi kimpige, miaka mitatu sasa, hukumwona, na ni afadhali. Upande wa kulia ulikufa wote. Maneno nayo yakapotea. Mtu aliyekuwa akibishana na wanunuzi wa zabibu kwa Kiswahili na kuwamaliza kwa Kigogo, alibaki na sauti za kunguruma tu, kama mtu anayeongea akiwa na ugali mdomoni. Katikati ya ngurumo hizo neno moja lilikuwa linatoka limenyooka: pole. Alilitangulizia moyo. "Moyo pole," ananiambia. Nikimwosha asubuhi, moyo pole. Nikimgeuza asipate vidonda, moyo pole.

Nakuambia hili wewe kwa sababu hapa nikilisema watu watanicheka. Mume wangu Nathanaeli alipofariki nilimzika Jumamosi, Jumatatu nikarudi kwa Mzee maana hapakuwa na mwingine wa kumgeuza. Kule msibani pole nilipewa, lakini unazijua zile pole, mtu anakushika mkono huku macho yake yako kwenye sufuria. Shemeji zangu walikuwa wanaulizana baiskeli ya marehemu itakwenda kwa nani. Ndiyo nikaingia chumbani kwa Mzee, akanitazama na lile jicho linalofunguka vizuri, akasema, "Moyo pole." Nilikaa sakafuni nikalia. Nikamjibu, "Nimeshapoa, Mzee." Tangu siku hiyo ikawa ndiyo salamu yetu. Yeye pole, mimi nimeshapoa.

Yotham, mwanawe, alikuja mazishini na gari la ofisi ya serikali anakofanya kazi. Yuko Dodoma mjini hapo, si mbali, lakini miaka yote hii alikuwa mtu wa simu. Jumapili anapiga, naiweka simu sikioni mwa baba yake, wananguruma kidogo, basi. Baada ya mazishi aliniambia shamba la mizabibu atalikatisha viwanja, mnunuzi ameshapatikana, nikae kwenye nyumba mpaka mavuno ya mwezi wa nane yaishe. Sikubisha. Ni mali ya baba yake. Ila nilipotoka nje nikaiona ile mizabibu niliyoipogoa tangu Gladness hajaolewa, nikahisi uchovu wote wa miaka kumi na tisa ya kumfanyia kazi Mzee umenishukia siku moja.

Niombee. Gladness na mumewe hawajambo, wako Mtera, samaki wamekuwa wachache.

Dada yako,
Paulina


Poland,
2 Julai 2023

Dada yangu mpendwa,

Milele amina. Barua yako imenifikia jana kwa mkono wa Sista Paskazia aliyetoka likizo huko nyumbani. Pole sana kwa msiba. Namwombea Mzee Stefani apumzike, na wewe pia upumzike, maana nilivyosoma nimeona ni wewe unayehitaji zaidi.

Hapa kazi yangu ni kama iliyokuwa yako. Nyumba hii ni ya masista wazee, nawaosha, nawalisha, nawavalisha soksi. Kiangazi hiki jua halitaki kuzama na wao hawataki kulala. Kuna siku nashika ukuta wa korido nikienda kwenye chumba kinachofuata. Mwaka wa kwanza niliteswa na lugha. Siku moja nilisikia wananong'ona "baba", nikafurahi nikidhani Padre amefika, kumbe hapa baba ni kikongwe wa kike. Walikuwa wanamsengenya sista wa jikoni.

Sasa, Dada, kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Mzee Stefani alikuwa Mpolandi. Mama yake aliletwa Kondoa wakati wa vita vikuu pamoja na wakimbizi wenzake, akamzalia pale pale, na wengine walipoondoka yeye akabaki. Ina maana Mzee alijifunza kuongea kwa lugha hii ninayoisikia kila siku. Na kiharusi nakijua. Tunaye sista hapa alizaliwa Ujerumani, akaishi Poland miaka sitini, kiharusi kilipompiga Kipolandi chote kikafutika, akabaki na Kijerumani cha utotoni. Lugha ya mama ndiyo inayotoka mwisho.

Dada, kwa Kipolandi "pole" maana yake ni shamba. Linatamkwa vilevile kama letu. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama jikoni na nimelazimika kuiweka mezani. Mzee hakuwa anakupa pole. Alikuwa anasema shamba! Na hilo neno la kwanza halikuwa moyo. Kuna "moye", ndiyo shamba langu. Na kuna "tfoye", ndiyo shamba lako. Fikiri vizuri sana, lilikuwa lipi? Kama lilikuwa tfoye, basi miaka mitatu alikuwa anakukabidhi shamba na hakuna aliyemwelewa. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji kabla Yotham hajauza. Mungu hamtupi mja wake, Dada. Nilikuwa nimechoka sana wiki hii, lakini habari hii imeniinua.

Nijibu haraka.

Wako katika Kristo,
Sr. Frida


Poland,
10 Septemba 2023

Dada Paulina,

Sijapata jibu lako. Sista Paskazia amempigia simu katibu wa parokia, naye amesema barua alikukabidhi mkononi, kwa hiyo najua umeipata. Mwezi wa nane umepita na mavuno yatakuwa yamekwisha, na wewe ulisema Yotham atauza baada ya hapo. Usiku sipati usingizi.

Nimefanya jambo, naomba usinikasirikie. Nimemwandikia Yotham kupitia ofisini kwake. Nimemweleza maana ya neno na kwamba wewe peke yako ndiye uliyelisikia. Nimemwandikia kwa heshima. Ni mtu aliyesoma, ataelewa.

Niandikie hata mistari miwili.

Frida


Hombolo,
1 Oktoba 2023

Sista Frida,

Barua yako ya mwezi wa saba niliipata. Sikuijibu kwa sababu sikuwa na la kusema, na mavuno yalikuwa mkononi. Ndege mwaka huu walikuwa wengi. Nilikuwa naamia shamba, nawafukuza kwa kelele tangu asubuhi, nikirudi nyumbani sauti imekauka.

Najua uliandika kwa upendo. Lakini nataka ujue ulichofanya. Mimi sikuwa na shamba na sikuwa nalihesabu. Nilikuwa na pole. Katika dunia hii yote kulikuwa na mtu mmoja aliyeniona nimechoka akaniambia, na mtu huyo alikuwa mgonjwa asiyejiweza, ndiyo maana nililithamini. Nililala na neno hilo usiku nilipokuwa sina mtu. Sasa unaniambia kwa furaha kwamba halikuwa langu, lilikuwa la mizabibu. Umenipa shamba ambalo sijui kama nilipewa, ukachukua kitu nilichokuwa nacho.

Unaniuliza ni moye au tfoye. Nilisikia moyo. Masikio yangu ni ya Hombolo. Nikikaa sana nalo, yote mawili yanasikika, na nikitamani shamba linasikika tfoye, nikijichukia linasikika moye. Kwa hiyo sitakwenda kwa mwenyekiti kusema nilichosikia wakati sijui nilichosikia.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie mtu habari hii. Hasa Yotham asijue. Naye ana huzuni yake, nilimwona makaburini, alikuwa anashika shingo yake kama mtu aliyebeba mzigo vibaya. Atadhani nataka mali ya baba yake.

Nimechoka, mdogo wangu. Nitaandika tena nikipata nguvu.

Paulina


S.L.P. ya ofisini,
Dodoma
6 Novemba 2023

Kwako Mama Gladness,

YAH: SHAMBA LA MAREHEMU BABA

Natumaini hujambo. Nimepokea barua kutoka kwa mdogo wako, Sista Frida, kuhusu jambo lililotajwa hapo juu. Nimechukua muda kuijibu kwa kuwa nilitaka kwanza kulitafakari.

Naomba nieleze kwa uwazi. Makubaliano na mnunuzi wa eneo yameshafanyika kwa maneno, na wapima wameshaweka alama upande wa chini. Kisheria mimi ndiye mrithi. Ningeweza kuishia hapo.

Lakini barua ile imenikuta na jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba alikuwa akiniambia neno hilohilo kwenye simu. Kila Jumapili. Mimi nililielewa kama ulivyolielewa wewe, kwamba ananipa pole. Nilikuwa sijaja kumwona tangu mwezi ule alipougua. Nilikuja mara moja, nikamkuta amejichafua na anashindwa kuniita jina, nikaondoka nikiwa sijamaliza chai, na baada ya hapo kila nilipotaka kuja niliona aibu ya kukaa muda mrefu bila kuja, na aibu ikarefusha muda. Neno la baba kwenye simu lilikuwa linanisaidia. Nilijua ameiona hali yangu na amenisamehe.

Sasa naambiwa alikuwa anazungumzia shamba.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 18. Sitaki twende kwenye baraza la kijiji kwanza. Nataka uniambie wewe, ana kwa ana, alikuambia nini. Kama alisema ni lako, nitasaini. Sitaleta shahidi wala sitakuhoji. Utakalosema nitalifuata.

Wako mtiifu,
Yotham


Hombolo,
20 Novemba 2023

Mdogo wangu Frida,

Kumbe ulikuwa umeshamwandikia kabla sijakuomba usimwandikie. Barua zetu zimepishana njiani. Sina hasira tena, nilikuwa nayo wiki moja, ikaniisha kama vinavyoniisha vitu vingine.

Yotham alikuja juzi, peke yake, na gari lake mwenyewe. Nilimpikia ugali na mlenda kwa sababu baba yake alipenda, hakula sana. Tulikaa chumbani kwa Mzee maana barazani watu wanapita. Barua yake ilikuwa imenikosesha usingizi tangu nilipoipata. Utakalosema nitalifuata. Frida, unajua mtu kama mimi kuambiwa hivyo? Sina kiwanja, nyumba ya Nathanaeli wameichukua ndugu zake. Ilikuwa niseme neno moja tu, tena neno ambalo hakuna binadamu aliye hai anayeweza kunipinga. Usiku wa kuamkia Jumamosi nililifanyia mazoezi. Nililisema kwa sauti jikoni. Tfoye. Tfoye pole.

Akaanza yeye. "Mama Gladness, niambie kama alivyokuwa anasema. Usinitafsirie. Liseme tu kama yeye."

Nikafungua mdomo kusema lile nililolifanyia mazoezi. Lakini aliposema liseme kama yeye, ndiyo sauti ya Mzee ikanijia yote, na mate yake, na ule mdomo uliopinda. Nikasema, "Moyo pole."

"Hakuwa anasema tfoye?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Mpaka jana sikuwa na hakika. Sasa ninayo."

Akakaa kwenye kile kitanda. Halafu akasema, "Mimi ilikuwa tfoye. Kwenye simu. Nilikuwa nasikia kama anataka kusema tuonane. Tuonane, pole. Nilikuwa namjibu, tutaonana baba, kazi zimenibana."

"Kila Jumapili?"

"Kila Jumapili. Baba ananiambia shamba lako, mimi namwambia kazi zimenibana."

Nikaona tumemaliza. Shamba ni la Yotham, amelisema baba yake mwenyewe, na mimi nimetoka mikono mitupu lakini sijasema uongo. Nilianza hata kunyanyuka nitoe vyombo. Ndiyo akaniuliza, wala hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayefikiri, "Sasa wewe kwa nini alikuambia moye, shamba langu? Wewe unajua ni lake. Kwa nini akuambie kila siku asubuhi?"

Nikataka kusema sijui. Badala yake mkono wangu ukanyanyuka wenyewe.

Hili sikukuandikia, Frida, kwa sababu sikuliona kuwa ni kitu. Akisema moyo pole alikuwa ananyanyua mkono wa kushoto, ule mzima, anauelekeza dirishani. Mimi nilidhani mwanga unamuumiza jicho. Nilikuwa namjibu nimeshapoa Mzee, naenda dirishani, navuta kanga ninafunika. Kila asubuhi. Naye ananguruma, nadhani ananishukuru. Mwaka jana niliona bora nikisogeze kitanda kabisa upande wa ukuta ili asisumbuliwe na jua, na siku ile alilia, machozi yalimtoka mpaka shingoni, nikamfuta nikamwambia usijali Mzee, si kazi kubwa.

Nje ya dirisha hilo ni mizabibu. Inaanzia hapo hapo ukutani.

Alikuwa anaomba atolewe akaone shamba lake. Basi, ni hilo tu. Na kiti cha magurudumu tuliazimwa na parokia tangu mwezi wa kwanza wa ugonjwa, kilikuwa barazani. Nilikuwa naanikia mahindi juu yake.

Nilimwambia Yotham yote hayo nimesimama vilevile na mkono umenyooka. Aliamka akaenda dirishani akaivua ile kanga kwenye misumari, akaikunja, hakujua aiweke wapi, akanipa mimi. Akasema, "Ulimtunza vizuri, Mama Gladness. Mimi ndiye sikuja."

Nikamwambia, "Nilimwosha vizuri."

Aliondoka kabla jua halijazama. Hatukuongea habari ya viwanja.

Sijui nikuandikie nini tena. Huku mvua bado. Kila mtu anaangalia juu.

Paulina


Poland,
14 Januari 2024

Dada yangu,

Nimeandika barua hii na kuichana mara nyingi. Nilikuwa nimejaza maneno ya kanisani, nikaona aibu.

Mimi ndiye niliyeleta tafsiri. Ninaijua lugha hii kwa miaka sita, ya kuombea na ya kuulizia chumvi. Yeye alikuwa na ya mtoto mdogo iliyolala kichwani miaka sabini. Na nusu ya kichwa chake ilikuwa imekufa, Dada. Kuna sista hapa anasema "meza" akitaka maji, akitaka kufa, na akitaka meza. Labda Mzee alisema shamba kwa sababu ndilo lililobaki la kusema. Labda alikuona umetoka kuzika mume, akatafuta neno la kukupa, akakuta kabatini limebaki hilo moja. Siku ile ya Nathanaeli alinyanyua mkono? Sina haja ya kujua. Ninachokuomba ni usijihukumu kwa sarufi yangu.

Mtu aliyelala miaka mitatu akafa bila kidonda mgongoni, mimi ninayefanya kazi hii najua gharama yake. Siandiki hili kukufariji, nakuambia kama mfanyakazi mwenzio.

Nimemwomba Mama Mkuu ruhusa ya kuja nyumbani. Amesema tuone mwakani, hakuna wa kushika zamu zangu. Theluji imefika madirishani. Nami nimechoka, Dada. Sijawahi kukuambia kwa sababu wewe ulikuwa umechoka zaidi.

Mdogo wako,
Frida


Hombolo,
21 Aprili 2024

Mdogo wangu Frida,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ya mwezi wa kwanza nimeisoma hata karatasi imelegea kwenye mikunjo. Kumbe na wewe umechoka. Kwa nini miaka yote ya nyuma ulikuwa unaniandikia habari za maua ya kanisa? Siku nyingine niandikie ukweli. Mimi ni dada yako, hayo ndiyo naweza kubeba.

Hukukosea kuuliza kuhusu ule mkono siku ya Nathanaeli. Nimefikiri sana. Nilikuwa nimekaa sakafuni uso nimeufunika na kitenge, sikuuona. Basi hilo limebaki hivyo, na nimeamua kuliacha libaki hivyo.

Yotham ameuza. Nakuambia mapema usije ukajenga matumaini. Alijaribu kurudi nyuma, mnunuzi akakataa, alikuwa ameshachukua watu wa kujenga. Upande wote wa chini umekwenda, mpaka kwenye ule mti wa mkwaju. Wiki iliyopita greda limeng'oa mistari ya kwanza. Mizabibu ya zamani ina mizizi mirefu, Frida, dereva alilazimika kurudia mara mbili.

Lakini kabla hawajaja Yotham alichukua likizo, tukavuna wote. Hajui kuvuna. Anashika kichala kama anashika panya, amejikata vidole, jua lilimbabua shingo. Tukiwa kwenye mistari alikuwa ananiuliza habari za baba yake za ile miaka mitatu, mimi namwambia. Sikumpamba. Nilimwambia alivyonitemea uji, alivyokuwa anajichafua makusudi nikichelewa, na alivyokuwa anacheka peke yake redio ikitaja bei ya zabibu. Yotham alicheka pale, halafu akakaa kwenye udongo akiwa bado anacheka, nikasogea mstari mwingine nikamwacha.

Mistari iliyo karibu na nyumba, tangu ukutani mpaka kwenye njia ya ng'ombe, ameitenga isiuzwe, na nyumba pia. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, imeandikwa kwa jina langu. Nilimwambia, "Baba yako hakunipa, alikupa wewe." Akasema, "Ndiyo, alinipa mimi. Kwa hiyo ni mimi ninayegawa." Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu wa serikali. Nikaweka sahihi.

Ni kipande kidogo. Kinanitosha, hata kikinishinda ni changu kunishinda. Gladness atanisaidia kupogoa akija na watoto.

Jana baada ya kumwagilia nilijilaza chumbani, mchana, mlango wazi. Ukiondoa zile siku za msiba, sijawahi kulala mchana tangu niwe mtu mzima. Nilipoamka jua lilikuwa limeshaingia mpaka kwenye mkeka, kuku wawili wamesimama mlangoni wananitazama. Nilibaki nimelala nasikiliza nani ananiita. Hakuna aliyeita. Basi nikalala tena.

Dada yako,
Paulina